Kidude Kilichoandikwa Roho

Fikirini Pazi hakujua kupiga hata mluzi, lakini siku aliyogundua kwamba ndani ya muziki mna watu wenye tamaa, aliusogelea kama paka anavyoisogelea meza ya muuza samaki pale Feri: polepole, macho pembeni, kana kwamba anapita tu kwenda zake.

Ugunduzi wenyewe ulitokea kwa dada yake, Kuruthumu, Mtaa wa Sikukuu. Fikirini alikuwa na kawaida ya kupita pale kumjulia dada hali, na kwa mapenzi ya Mungu hali ya dada ilikuwa ikimjia moyoni saa za chakula cha mchana. Wakati huo alikuwa ametoka kufunga biashara yake ya stika za kubandika nyuma ya simu ili chaji isiishe, biashara iliyokwenda vizuri sana mpaka chaji za watu zilipoanza kuisha. Alimkuta mpwa wake, Badria, amekaa mkekani na kompyuta mapajani, na kabla hajavua viatu akamsikia anapiga kelele:

"Imekubali! Jamani, imekubali!"

Badria alikuwa amemaliza chuo, masomo ya kompyuta, na sasa alikuwa kwenye ile kazi ambayo vijana wengi wa Bongo huipata wakishamaliza chuo, yaani kutafuta kazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Imekubali nini? Barua ya ajira?"

"Plagini."

"Ndo nani huyo?"

Badria akacheka, akageuza kompyuta amwonyeshe. Akamweleza kwamba studio zote siku hizi zinarekodi kwa programu za kompyuta, na ndani ya hizo programu kubwa prodyuza huchomeka viprogramu vidogo: akitaka mwangwi anachomeka cha mwangwi, akitaka sauti nzito anachomeka cha uzito. Hivyo ndivyo vinavyoitwa plagini. Na kuna kampuni inayotoa bure kasha zima la zana kwa mtu yeyote anayetaka kujifunza kuzitengeneza, pamoja na mifano ya kuanzia.

"Huu ndio mfano mwepesi kuliko yote, na umenitoa jasho tangu asubuhi. Kila nikiijenga inagoma. Mara faili halionekani, mara toleo si lenyewe. Sasa imejengeka, nimeiweka kwenye folda ambayo programu ya studio inachungulia, na imeonekana. Tazama."

Kwenye kioo palikuwa na dirisha dogo la kijivu lenye kidude kimoja cha kuzungusha.

"Inafanya nini?"

"Inaongeza sauti na kupunguza."

"Halafu?"

"Halafu basi, mjomba. Ni ya kujifunzia."

Fikirini akaanza kupoteza hamu na kunusa upande wa jikoni. Lakini Badria, kwa furaha ya mtu aliyeshinda vita peke yake bila shahidi, akamzuia. Akapiga kipande cha wimbo mara moja, kisha akakirudia.

"Ipi nzuri?"

"Ya pili," akasema Fikirini bila kusita. "Ya pili ina uhai. Ya kwanza kama mtu anaimba yuko kaburini."

"Ni wimbo ule ule. Ya pili nimeongeza sauti, tena kiduchu tu. Masikio ya watu ndivyo yalivyo, kitu kikisikika juu kidogo wanadhani kimekuwa kizuri. Hata maprodyuza wakubwa wasipokuwa makini wanadanganyika."

Neno hilo, wanadanganyika, lilimwingia Fikirini kama harufu ya pilau inavyomwingia mtu aliyefunga. Akakaa chini. Akasahau chakula, jambo ambalo Kuruthumu alilisimulia kwa majirani wiki nzima.

"Badria mwanangu," akasema kwa upole wa baba mlezi, "hiki kidirisha mtu anaweza kukipaka rangi?"

"Naweza. Rangi, picha, jina, chochote."

"Kiite Dhahabu. Kiweke rangi ya dhahabu. Na kidude kimoja kinatia huruma. Ongeza vingine vitatu. Kimoja andika Joto, kingine Anga, na kingine..." Akafumba macho kama mshairi. "Kingine andika Roho."

"Vitafanya nini?"

"Vizunguke."

"Lakini havitakuwa vimeunganishwa na kitu, mjomba."

"Vinaumiza?"

"Haviumizi."

"Basi viache vizunguke. Kuna vijana wangu wa studio wanataka kufanyia mazoezi. Na wakiiwasha tu, iwe tayari iko juu kiduchu, kama ulivyofanya sasa hivi."

Badria aliifanya kazi ile siku mbili kwa moyo wote, kwa sababu kuchora vidude ni zoezi zuri, na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwomba kazi yoyote mwaka mzima. Fikirini akaondoka na fleshi mfukoni, akitembea katikati ya barabara kama mwenye mtaa.

*

Khalil Muaz alikuwa na duka la spika Mtaa wa Livingstone, na juu ya duka, studio. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kofia nyeupe na masikitiko ya kudumu. Masikitiko yake yalikuwa na jina, nalo ni Uledi. Huyu Uledi alikuwa na kistudio nyuma ya vibanda vya viatu vya mitumba Mchikichini, kuta zake kazipiga magodoro ya zamani, lakini waimbaji wa Khalil walikuwa wanamkimbilia mmoja mmoja. Wakiulizwa sababu wanasema kwa Uledi muziki unagonga.

Fikirini alipanda ngazi akijipepea na gazeti.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kama ni zile stika za simu, ngazi ulizopandia ndizo hizo hizo za kushukia."

"Stika zilikuwa utoto, ami. Leo sijaja kuuza kitu wallahi, jua limenichoma, naomba nipumzike tu."

Akakaa. Akapumzika kweli, kwa muda wa mtu anayejua kuvua samaki. Kisha akatoa simu, ambayo haikuwa imeita, akaongea kwa sauti ya chini iliyosikika chumba kizima.

"Hapana. Nimesema hapana. Uledi hatumpi. Mchikichini wataichezea tu. Eeh. Hata akilia."

Akarudisha simu mfukoni, akatazama dari. Khalil akavumilia kadiri alivyojaliwa, ambayo si kadiri kubwa.

"Uledi hamumpi nini?"

"Ah, ami, mambo ya kazi tu."

"Fikirini, umekaa kwenye kiti changu, unakunywa upepo wa feni yangu. Uledi hamumpi nini?"

Ikabidi, kwa shingo upande, Fikirini aitoe siri. Kuna plagini, akasema, iliyotengenezwa na wataalamu maalumu kwa makoo ya pwani. Zile za Ulaya zimepimwa kwa watu wa baridi, ndiyo maana zikipitisha sauti ya mtu aliyekulia kwenye joto na tui la nazi zinaitoa imepauka. Hii inarudisha kilichopotea. Joto lipo, anga ipo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kurekodi, roho.

"Roho?" akauliza Khalil.

"Ina kidude chake kabisa."

Fikirini alichomeka fleshi, akanakili faili, akafungua programu ya studio kwa madaha, na plagini haikuonekana. Akafunga, akafungua. Haikuonekana. Jasho lililomtoka halikuwa tena la jua.

"Ngoja niwapigie makao makuu," akasema.

Makao makuu walikuwa wanakuna nazi. "Umeiweka wapi, mjomba?" akauliza Badria. "Mezani? Kwenye uso wa kompyuta? Programu haitazami huko, inatazama folda yake tu. Ihamishie humo, funga, fungua, halafu iambie itafute upya. Kuna sehemu imeandikwa."

"Makao makuu wanasema mashine yako ina ulinzi mkali, ami," akatafsiri Fikirini. "Wanakupa hongera."

Mara ya tatu dirisha la dhahabu likafunguka. Khalil akaweka wimbo wa mwimbaji wake mmoja. Fikirini akaizima plagini, wakasikiliza. Akaiwasha. Khalil akanyanyuka kwenye kiti. Akaizima. Khalil akakunja uso kama aliyenyang'anywa sahani. Akaiwasha tena.

"Subhanallah," akanong'ona Khalil.

"Sasa zungusha mwenyewe hicho cha Roho. Polepole, usije ukaivunja nyumba."

Khalil akakizungusha kidude ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote chini ya jua, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Naisikia," akasema. "Wallahi naisikia. Hapa imezidi. Hapa... hapa ndipo penyewe."

Walipatana. Bei hatutaitaja, kwa kuistahi familia ya Khalil, ambayo tangu babu aliyeuza redio za mbao haijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Sharti la Khalil lilikuwa moja, awe nayo yeye peke yake, Kariakoo nzima na Ilala nzima. Fikirini akaweka mkono kifuani, akakubali kwa uchungu.

Kesho yake alikuwa Mchikichini.

"Mambo, kaka?"

"Poa," akasema Uledi, kijana mwembamba aliyevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepita tu. Khalil wa Livingstone ananisumbua kuna kitu anakitaka, nikaona nijifiche huku kwenu kidogo."

Hakuna haja ya kusimulia yaliyofuata. Uledi alikisikia cha Anga zaidi kuliko cha Roho, hiyo ndiyo tofauti pekee, na akauliza Roho huwekwa wapi kwa mwimbaji wa singeli. "Inategemea," akajibu Fikirini, "na msanii mwenyewe ana roho gani." Naye akaahidiwa kuwa ni yeye peke yake.

Baada ya hapo Fikirini akanunua pikipiki, kanzu ya hariri na marashi ambayo mtu aliyanusa kabla hajamwona mwenyewe. Kwa dada alipitia siku moja, akampa Badria ahsante nyingi na chipsi kuku. Badria alipouliza vijana wa mazoezi wanaendeleaje, akamwambia wanaendelea vizuri sana, wanamsalimia.

*

Khalil alimpigia simu siku ya Alhamisi na kumtaka afike studio upesi. Moyo wa Fikirini ukashuka mpaka kwenye soli. Njia nzima alikuwa akipanga uongo wa kujitetea, na alikuwa ameshapata mitatu mizuri alipofika na kukumbatiwa mlangoni.

"Karibu, karibu! Huyu ndiye mwenyewe," Khalil akamwambia kijana aliyekuwa kochini na chupa ya soda. "Fikirini, huyu anaitwa Seifu, ananiimbia nyimbo za harusi. Sasa sikiliza. Nimeipitishia Dhahabu waimbaji wangu wote. Inawaongeza, sikatai, lakini kidogo. Nimekaa nikafikiri. Nikasema, kila chombo kina koo lake. Sasa juzi ulivyokuwa unaongea nami kwenye simu, mwili ukanisisimka. Hebu ingia chumba cha maiki, uimbe chochote, nipime tu."

Inafaa msomaji ajue sauti ya Fikirini ilivyokuwa. Aliwahi kuajiriwa kuita wateja kwenye mlango wa duka la viatu Mtaa wa Kongo, na mwenye duka alimwondoa asubuhi ile ile kwa sababu wapita njia walidhani ndani kuna ugomvi. Lakini kuombwa kuimba ni jambo dogo kuliko kudaiwa, kwa hiyo akaingia, akakohoa, akaimba beti mbili za wimbo wa harusi alizozitunga palepale, za bibi harusi aliyechelewa saluni.

"Ahsante," akasema Khalil. "Mashine inachukua muda kuchakata. Nenda hapo chini kale pilau, useme nimekutuma mimi."

Alipomaliza pilau akarudi. Khalil akabonyeza.

Kwanza kikasikika kikohozi, na kilikuwa kikohozi chake mwenyewe, hakuna mwingine mjini mwenye kikohozi kama kile. Halafu ikatoka sauti. Ilikuwa tamu, imetulia, inapanda bila kujikaza na kushuka kama kitambaa cha leso. Bibi harusi yule aliyechelewa saluni sasa alitia simanzi. Seifu kochini akajifuta macho.

"Ni mimi huyo?" akauliza Fikirini.

"Ni wewe," akasema Khalil, "ndani ya Dhahabu."

Hapo ndipo akili ya Fikirini, iliyomlisha miaka yote ile, ilipomchimbia shimo. Alijua jambo ambalo Khalil hakulijua. Alijua kwamba Dhahabu haina kitu. Joto halijaunganishwa, Anga haijaunganishwa, na Roho ni mchoro. Khalil, maskini, anadhani uzuri ule umetoka kwenye plagini. Lakini kama haukutoka kwenye plagini, umetoka wapi? Akatazama huku na huku ndani ya akili yake, akaona njia imebaki moja tu. Umetoka kwenye koo lake. Miaka yote watu wamemzima, kumbe hajawahi kupata maiki nzuri!

Akajikaza asicheke. "Itakuwa plagini hiyo, ami," akasema kwa unyenyekevu mkubwa.

"Ndiyo. Na mimi naweza kukurekodi albamu nzima, nikakufanyia na onyesho la uzinduzi. Gharama nitabeba mimi, mapato yatakuwa yangu, wewe nitakupa posho."

"Posho?"

"Na nauli."

Fikirini akashuka ngazi ameudhika, na kabla hajafika kwenye pikipiki simu ikaita. Alikuwa Uledi. "Kaka, mji mzima unaongea. Wanasema kuna sauti yako kwa Khalil, watu wanalia. Achana na yule mzee, njoo kwangu, mapato tugawane nusu."

Nusu! Fikirini akapanda tena ngazi mbili mbili. Akamwambia Khalil kwamba albamu atagharamia yeye mwenyewe yote, studio, ukumbi, matangazo na wapiga vyombo, na mapato yote yatakuwa yake yeye. Khalil alikataa kwa nguvu sana. Alisema ni dhuluma. Alisema hata babu yake asingefanya biashara ya namna hiyo. Fikirini alimbembeleza mpaka alasiri, na Khalil alipokubali hatimaye, alikubali kama mtu anayetoa mwana. Alichosahau kusoma Fikirini kwenye karatasi ya mapatano, kwa haraka ya kumzidi mzee akili, ni kwamba viingilio vya mlangoni havikutajwa miongoni mwa mapato.

Zikarudi Livingstone fedha zote alizozichukua Livingstone, zikafuatwa na zile za Mchikichini. Hazikutosha, ikaenda na pikipiki.

*

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana, ukumbi mmoja wa harusi Ilala. Fikirini alipitishwa mlango wa nyuma, kama wanavyopitishwa watu wakubwa. Alikuwa amevaa koti jekundu lenye nyuzi za kumetameta, alilolichagua Mchikichini baada ya kuvuruga marobota ya watu watatu. Alipochungulia kwenye pazia akaona viti vimejaa. Kina mama wamekuja na watoto, vijana wamesimama ukutani, na mbele kabisa amekaa dada yake Kuruthumu.

Pembeni mwa jukwaa, nyuma ya kompyuta iliyounganishwa na maiki, alikuwepo Badria.

"We! Unafanya nini hapa?"

"Shikamoo, mjomba. Nimepata kazi kwa Mzee Khalil."

"Marahaba! Si unaona? Mjomba wako anafungua milango." Na kwa kuwa ngoma zilikuwa zimeshaanza, hakuuliza milango hiyo ilifunguka vipi.

Akatoka jukwaani. Makofi yakapigwa, mengi, ya watu waliokuja kufurahi. Akakohoa. Ukumbi ukacheka kidogo, naye akatabasamu. Akafungua kinywa.

Ilitoka ile ile ya Mtaa wa Kongo.

Mtoto mmoja mbele akaziba masikio. Fikirini aliisikia sauti yake kwenye spika kubwa za Khalil, akadhani kuna mtu mwingine amedandia maiki. Akaendelea na ubeti wa kwanza akitarajia kwamba dhahabu iko njiani, imechelewa tu. Kina mama wakaanza kushikana mabega. Akasogea pembeni huku akiimba, akainamia kompyuta na kunong'ona kwa hofu:

"Badria! Roho! Weka Roho juu!"

"Roho haijaunganishwa na kitu, mjomba," akajibu Badria taratibu. "Nilikwambia."

"Joto basi! Anga!"

"Hizo nazo nilikwambia."

"Sasa weka inayofanya kazi!"

Badria akazungusha ile inayofanya kazi. Sauti ya Fikirini ikaongezeka maradufu, ukuta kwa ukuta, na bibi harusi aliyechelewa saluni akasikika mpaka kituo cha mabasi. Ukumbi ukalipuka. Watu walianguka kwenye viti, wazee walipanguza machozi kwa mabaraghashia yao, na Kuruthumu, damu yake mwenyewe, alikuwa amejiinamia akijipiga paja na kuomba maji. Kila Fikirini alipojaribu kuimba vizuri zaidi ndipo walipozidi kufa kwa kicheko. Alipomaliza walisimama wote. Hajawahi kupigiwa makofi kama yale maishani mwake, na alitamani ardhi ipasuke.

Alitoka kwa mlango wa mbele safari hii, na hapo ukutani akakutana na tangazo, picha yake ndani yake, limeandikwa kwa herufi nene: MCHANA WA VICHEKESHO. NJOO UMSIKIE MTU ASIYEJUA KUIMBA.

Kwenye ngazi za ukumbi alikuwa amekaa Khalil na kikapu cha viingilio mapajani. Kulia kwake Seifu, na kushoto kwake, miwani ya jua usoni, Uledi. Wawili hao, Khalil na Uledi, walikuwa wanakula kashata kutoka pakiti moja kama ndugu.

"Mmenidhulumu!" akasema Fikirini. Sauti ilikuwa imemkauka. "Ile sauti ya studio haikuwa yangu!"

"Kikohozi ni chako," akasema Seifu kwa adabu. "Kuanzia hapo ni mimi. Ulikula pilau taratibu sana, kaka, nikapata nafasi ya kurudia."

"Tulikutana kwa fundi spika," Uledi akaeleza. "Mzee akaanza kujisifu ana Dhahabu. Nikamwambia haiwezekani, ninayo mimi peke yangu. Tukazifungua zote mbili, tukasawazisha sauti yenye Dhahabu na isiyo nayo, isiwepo ya juu. Hakuna kitu, kaka. Hata unyoya."

"Tulitaka kukuitia watu," akasema Khalil. "Kisha nikaona plagini yenyewe, kama zote, ina sehemu ya jina la aliyeitengeneza na anwani yake. Nikamwandikia. Akaja msichana na mama yake, analia. Anasema jina lake limewekwa kwenye wizi na yeye hajui. Nikamwambia asilie. Nikamuuliza kama anaweza kunitengenezea ya kweli, ya mwangwi wa ukumbi wa harusi. Ameshaijenga. Vidude vyake vyote vimeunganishwa."

Badria alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na kompyuta kifuani. Fikirini akamtazama. Badria ndiye aliyeanza kusema.

"Ungeniambia tu ukweli, mjomba. Ningekutengenezea kitu kizuri. Ningekutengenezea hata bure."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko cha ukumbi mzima, na kwa kuwa hakujua la kufanya na uchungu wa namna hiyo, akaugeuza kuwa hasira. Watu walikuwa wanatoka, wanasimama kuwasikiliza. Akapandisha kola ya koti jekundu.

"Nakwenda polisi! Nitawaambia mmechukua mali yangu kwa udanganyifu!"

"Nenda," akasema Khalil, akijifuta ufuta wa kashata kidevuni. "Na mimi nitakusindikiza. Watakuuliza nilikwambia nini. Nilikwambia sauti yako ukiipitisha ndani ya Dhahabu inakuwa tamu. Basi kama Dhahabu inafanya kazi, mimi sikukudanganya. Na kama haifanyi kazi, una mengi ya kuwaeleza wewe. Kwa hiyo tuambie hapa, mbele ya hawa watu, na huyu kijana wa Mchikichini, na mpwa wako. Plagini inafanya kazi au haifanyi?"

Fikirini akatazama umati. Akatazama tangazo. Akautafuta uongo wa nne, ule ambao haujawahi kumkosa, akapapasa kila mfuko wa akili yake, na mifuko yote ilikuwa mitupu.

"Inafanya kazi," akasema kwa sauti ya chini.

Uledi akaweka mkono nyuma ya sikio. "Ongeza sauti kidogo, kaka. Huku nyuma hatujakusikia."

Fikirini akaongeza.